Moshi wa Majani Mabichi

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni vizuri. Anayeitikia kwa mdomo mzito namjua, tumbo lake limejaa ugali na sasa anataka usingizi. Hadithi ya leo si ya sungura na ujanja wake, sungura nimemwacha shambani na karanga zake. Hii ina fisi, ina njaa, ina maiti ndani yake. Mwenye roho nyepesi asogee kwa mama yake sasa hivi, asije akanikatiza katikati. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale hiyo, wanyama walipokuwa bado hawajatununia, wakisema nasi na sisi tukisema nao, palikuwa na kijiji kiitwacho Ndulungu, juu kwenye mgongo wa mlima. Nyumba zake zilikaa mbalimbali, moja huku, nyingine ng'ambo ya korongo, kwa sababu mlimani mtu hujenga pale ardhi inapomkubali. Ukimwita jirani, upepo unakunyang'anya sauti. Kwa hiyo watu wa Ndulungu walikuwa na desturi yao.

Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, alitoka nje akatazama paa la jirani. Akiona moshi unafuka, alijua huko wameamka salama na wanapika. Asipouona, hakuuliza wala hakungoja. Alitia kaa la moto kwenye kigae, akachukua na cha kupika, hata kiazi kimoja, akaenda. Nyumba isiyofuka moshi ina jambo, ndivyo walivyosema. Huenda mtu anaumwa, huenda moto umezimika, huenda hakuna cha kuinjika. Aliyekwenda hakuuliza ni lipi. Aliwasha moto, akainjika chungu, akazungumza habari za mbuzi wake mpaka kikaiva, kisha akarudi kwake.

Basi mtu wa Ndulungu aliweza kufa kwa homa, aliweza kufa kwa nyoka, aliweza kufa kwa kutumbukia korongoni. Lakini kufa na njaa huku jirani yake ana chakula, hilo halikujulikana. Mimi nalipenda jambo hilo kuliko yote nitakayowasimulia leo, ndiyo maana nimeanza nalo.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa vuli, ikakataa masika, ikakataa vuli tena. Mahindi yalinyauka kabla hayajafika magotini. Watu wakala mbuzi, wakala mizizi, wakala ngozi walizokuwa wakilalia. Miti yote ilivua majani isipokuwa mkuyu mmoja mkubwa uliokuwa korongoni, ambao mizizi yake ilijua maji yalikojificha. Huo tu ndio uliobaki na rangi ya kijani.

Sasa nawaletea Nambua. Alikuwa mjane, binti zake wameolewa mbali, anakaa peke yake. Msianze kumchukia mapema. Alikuwa mwanamke mwema, mwepesi wa kutoa. Ubaya wake ulikuwa ulimi. Nambua alipenda kuchekesha watu, na njaa inapokaza, mwenye kuchekesha hupendwa kuliko mwenye kuni.

Nyumba ya kwanza kukosa moshi ilikuwa ya Mzee Kangalu, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Majirani wakampelekea moto na kidogo walichokuwa nacho. Kesho yake hapakuwa na moshi, wakaenda tena. Kesho kutwa wakaenda tena. Siku moja wanawake wako kisimani, wamepanga mitungi, wanangoja tope lijichuje wapate maji, Nambua akasema:

"Mzee Kangalu kavumbua dawa ya njaa. Unazima moto, unajilaza, chakula kinakuja chenyewe kwa miguu."

Wanawake wakacheka. Walikuwa hawajacheka muda mrefu, na kicheko kiliwakuta wana njaa nacho pia. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mkunde, jirani yake Nambua, mwanamke kijana mwenye mtoto mmoja wa kike. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Maneno hayana mguu mbovu. Jioni yalikwisha kufika kwa mzee. Asubuhi yake moshi ulipanda kutoka nyumba ya Mzee Kangalu, mweupe, mzito, kuliko wa nyumba yoyote. Watu wakasema, kumbe alikuwa nacho, na majirani wakaacha kwenda. Moshi ukapanda siku kadhaa, kisha ukakatika. Walipokwenda walimkuta amekufa kando ya mafiga. Chunguni mlikuwa na maji matupu, na chini ya chungu mlikuwa na matawi mabichi ya mkuyu.

Wakamzika, wakasema ni uzee. Lakini mimi nawaambia, yale majani waliyaona. Wote waliyaona, na kila mmoja alirudi kwake amejifunza kitu. Hawakujifunza cha kujifunza. Walijifunza kwamba majani mabichi yanatoa moshi mwingi.

Mkunde alikuwa na mume, Semboja, aliyeshuka nyikani kutafuta nafaka na hakurudi. Mtoto wao aliitwa Mbonea, na meno yake ya utoto ndiyo kwanza yalikuwa yakianza kung'oka. Siku unga wa mwisho ulipokwisha, Mkunde alisimama mbele ya mafiga yake muda mrefu. Angeacha tu kuwasha. Nambua angetoka nje, angetazama, angekuja na kaa lake kwenye kigae na chochote mkononi. Lakini Mkunde alikumbuka kicheko cha kisimani, na alikikumbuka vizuri kwa sababu kilitoka kinywani mwake mwenyewe. Akachukua panga akashuka korongoni kwenye mkuyu.

Aliporudi alimfundisha Mbonea namna ya kuweka majani juu ya makaa na kupuliza polepole. Akamwambia:

"Moshi usikatike, mwanangu. Ukikatika watakuja, na wakija tutakuwa wimbo wa kisimani."

Nambua naye, chini ya kitanda chake, alikuwa na kibuyu cha mbegu za mtama. Zilikuwa mbegu, si chakula, na alikula mizizi ili asiziguse. Kila asubuhi alitoka, akatazama paa la Mkunde, akaona moshi, akashukuru. Nyumba ya pili, moshi. Nyumba ya tatu, moshi. Ndulungu nzima ilifuka kama kijiji chenye harusi.

Mnasikia? Njaa imekaza kuliko siku zote, na moshi umekuwa mwingi kuliko siku zote. Wala hapakuwa na mtu aliyeuliza.

Aliyeuliza alikuwa Fisi. Siku hizo kila kiumbe kilikuwa kimekonda isipokuwa yeye. Nambua alimkuta amekaa juu ya kichuguu kando ya njia ya kwenda kutafuta kuni, ameelekeza pua kijijini. Akamuuliza anafanya nini pale mchana kweupe. Fisi akajibu bila kumtazama:

"Moshi nauona, harufu ya chakula siisikii. Basi nangoja."

Nambua akaokota jiwe akamtupia, akamwambia uroho umemtia wazimu. Akaenda zake kutafuta kuni. Lakini neno lile lilimkaa, na aliporudi alisimama njiani akavuta pumzi. Akasikia harufu ya majani. Akajiambia mafua yanamsumbua.

Mara ya pili akamkuta Fisi palepale, na sasa yuko na mwenzake. Nambua hakuuliza. Fisi alijisemea mwenyewe, "Moshi nauona, harufu ya chakula siisikii. Basi nangoja."

Safari hii Nambua alitua mzigo wake wa kuni akaenda moja kwa moja kwa Mkunde. Akapiga hodi. Mkunde alitoka, akaurudisha mlango nyuma yake, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono kama mtu aliyetoka kula.

"Dada Nambua, ungewahi kidogo tu," akasema. "Ndiyo kwanza tumemaliza."

Sasa hapa nataka mnisikilize, maana hadithi nzima imelala hapa. Nambua aliona midomo ya Mkunde imepasuka, mikavu. Aliona mifupa ya mabega. Alijua, kama mnavyojua ninyi mliokaa hapo. Mkono wake ungeusukuma ule mlango, mlango wenyewe wa mabua, na mambo yangeishia hapo. Lakini adabu ya Ndulungu ilisema mtu akikwambia ameshiba, umeambiwa. Na tena, moyoni mwake, chini kabisa, Nambua alifurahi. Kibuyu chake kitabaki kizima. Akamwambia Mkunde Mungu awazidishie, akageuka akaenda zake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo mnaisema sana mkiwa mmeshiba. Lakini yule anayeona mwenziwe anaficha, naye akageuza uso, huyo hajatungiwa methali bado, na mimi namngojea atakayeitunga.

Siku zikapita. Mara ya tatu Nambua alipopita, kichuguu kilikuwa kitupu. Fisi hayupo. Akashuka korongoni kutafuta kuni, akafika kwenye mkuyu, akainua macho. Mkuyu ulikuwa uchi. Si tawi moja wala mawili, mti mzima ulikuwa umekatwakatwa mpaka juu ambako mtu hupanda kwa kuhatarisha shingo. Palikuwa na alama za mapanga mengi, makali na butu, na nyayo za kila nyumba ya Ndulungu.

Hapo Nambua akaelewa kijiji chake kilikuwa kinapika nini. Akakaza panga mkononi akapanda mlima, akianguka, akiinuka, akianguka tena.

Moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka kwa Mkunde. Uani walilala fisi watatu wametulia kama watu waliokuja matangani. Yule mkubwa akainua kichwa.

"Moshi nauona," akasema. "Na leo harufu naisikia."

Wakampisha apite, kwa kuwa fisi humpisha anayetembea. Anayemngoja ni aliyelala.

Ndani giza na moshi. Mbonea alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, macho mekundu, anapuliza. Kando yake, amefunikwa kanga mpaka kidevuni, Mkunde. Nambua akamgusa paji la uso, akarudisha mkono.

"Mama kalala," mtoto akasema. "Kasema moshi usikatike."

Alikuwa amelala tangu jana, na mtoto alikuwa amepuliza tangu jana. Majani yaliyobaki yalikuwa konzi moja.

Nambua akatoka mlangoni akapiga yowe. Akapiga la pili, akapiga la tatu. Hakuna aliyekuja. Siku zile mayowe yalikuwa mengi, na upepo wa mlimani uliyala nusu. Waliosikia walitoka nje wakatazama paa la Mkunde kama walivyofundishwa na mama zao, wakaona moshi, wakasema huko ni salama, wakarudi ndani kupuliza majani yao.

Fisi akacheka kile kicheko chake. Akamwambia Nambua:

"Piga yowe upendavyo. Hawatazami mlango, wanatazama paa. Ukizima moto watakuja, ila moto ndio unaonizuia mlangoni, na mimi niko karibu kuliko wao. Mbebe mtoto uende, tutakupisha. Huyu tuachie."

Msinijibu upesi. Mkunde alikwisha kufa. Angejua nini? Mtoto ni mwepesi, njia iko wazi, fisi ameahidi, na fisi kwa ahadi ya namna hiyo huwa mkweli. Yeyote kati yenu angeondoka, akalea mtoto, akasifiwa. Na mfu wa Ndulungu angeliwa nyumbani kwake, na kesho majani yangefuka tena katika nyumba zilizobaki, na fisi angehamia uani pa mwingine.

Nambua akarudi ndani akashika masikio ya chungu. Mbonea akamwona anachotaka kufanya, akajitupa mbele ya mafiga kuyakinga kwa mikono yake midogo, akasema mama atagombeza, akasema watu watakuja wawacheke. Nambua akapiga magoti kwenye majivu.

"Mama yako aliyekuwa akimwogopa ni mimi, mwanangu," akamwambia. "Mimi ndiye niliyeanza kucheka."

Akamsogeza, akainua chungu, akamwaga juu ya moto yale maji yaliyochemshwa siku zote zile bila kitu ndani yake. Moto ukalia, ukafa. Moshi ukakatika.

Fisi hawakungoja. Nambua aliegemeza mgongo wake kwenye mlango wa mabua, akamshika mtoto kwa mkono mmoja na panga kwa mwingine. Waliyatafuna mabua. Walimfikia bega wakalirarua, akapiga panga nyuma bila kuona, wakaachia, wakarudi. Alikuwa na njaa kama wenziwe wote na nguvu zake zilikuwa za kuazima. Akamwambia Mkunde aliyelala pale asiondoke kwanza, watu wanakuja. Hakuwa na hakika.

Ng'ambo ya korongo alikaa mtu mmoja, Shemweta, anapuliza majani yake. Akatoka nje kukohoa. Akatazama paa la Mkunde. Hapana moshi. Lakini yeye pia hakuwa na kitu, alikuwa na makaa tu na aibu. Utakwendaje kwa jirani mikono mitupu, umwambie nini? Alisimama, na mwili wake ukamshinda. Mkono uliokuwa umefanya jambo lile miaka yote uliokota kigae, ukatia kaa, na miguu ikaanza kukimbia.

Lakini moto wa majani mabichi haumngoji mtu, ukiacha kuupuliza unakufa. Shemweta hajafika nusu ya njia, paa lake likakatika moshi. Jirani yake wa juu akaona. Akatia kaa kwenye kigae akatoka, na wake ukafa. Wa juu yake akaona. Wa juu yake tena akaona. Moshi wa Ndulungu ulikatika nyumba baada ya nyumba, mpaka mlima mzima ukawa mtupu, kila mtu akaona kila mtu, na watu wakashuka kutoka pande zote na vigae vyao mkononi. Wachache walikuwa na kiazi. Wengine walikuja na kaa tu, na machozi.

Walikutana uani pa Mkunde, makaa pande zote. Fisi watatu wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, wakafika ukingoni mwa uwanja. Mlangoni palikuwa na damu nyingi. Yule mkubwa aliwatazama mmoja mmoja, hakuonekana kuwa na hasira.

"Hamna neno," akasema. "Viko vijiji vingine vyenye moshi."

Akaondoka, na wenziwe nyuma yake.

Walimzika Mkunde mchana uleule, wote. Baada ya hapo Nambua, bega limefungwa kitambaa, alimtuma Shemweta akalete kibuyu chini ya kitanda. Kumbe vibuyu vilikuwa zaidi ya kimoja kijijini. Mmoja alikuwa na kunde zilizofichwa darini, mwingine asali, mwingine nyama kavu kiasi cha kiganja. Kila mmoja alikuwa amekaa na kidogo chake, akitazama moshi wa mwenziwe, akidhani yeye peke yake ndiye mwenye njaa. Wakapika chungu kimoja. Kisha wakazunguka nyumba zilizokuwa hazijatoa mtu, wakasukuma milango, na katika nyumba nyingine walikuwa wamechelewa. Siwatajii ngapi.

Mvua iliponyesha hawakuwa na mbegu hata moja, walikuwa wamezila. Wakashuka hadi kijiji cha bondeni kuomba, wakasema wazi: tuna njaa, tumekuja. Walipewa.

Nambua alimlea Mbonea. Mkono wa upande ule haukuinuka tena juu ya bega, na kisimani wengine walichekesha, yeye alichota maji. Tangu hapo Ndulungu haiamini moshi. Jirani akija asubuhi hasimami mlangoni. Anaingia, anakwenda jikoni, anafunua chungu kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kununa. Wageni huona ni ukosefu wa adabu. Waacheni waone hivyo.

Na siku ile ya mazishi, uji ulipoiva, Mbonea ndiye aliyepewa wa kwanza. Alishika kata kwa mikono miwili, hakunywa. Aliwatazama watu wote wale waliojaa uani kwao, akamvuta Nambua nguo, akamuuliza kwa sauti ndogo kama watu wamecheka.

Nambua akamwambia hapana. Ndipo mtoto akanywa.

Nami hapa ndipo chungu changu kinapokauka. Hadithi nimeitua, aliyeisikia aibebe. Na huyo jirani yetu wa chini, ambaye moshi wake mmeuona jioni hii mkasema yuko salama, nani amekwenda kufunua chungu chake? Haya, inukeni. Uji uliobaki uko pale, mchukue na kaa la moto.